Beseni la Simu

Siku ya kumwaga zege, kwenye saiti ya Naserian, hakuna aliyepanda juu na simu. Amri hiyo aliitoa mwenyewe, baada ya kibarua mmoja kusimama katikati ya ngazi, karai la zege begani, akibishana na mke wake habari za gesi ya kupikia huku foleni nzima ya watu ikimsubiri chini. Siku iliyofuata alikuja na beseni la bluu kutoka nyumbani kwake Kimandolu, akaliweka juu ya meza ya ofisi ya mabati, na kila aliyepita asubuhi alitumbukiza simu yake humo kama anayetoa sadaka. Walinung'unika, wakazoea. Lesian, fundi mkuu wa zege, alikuwa wa kwanza kutumbukiza yake siku zote, maana alijua akianza yeye wengine hawatakuwa na la kusema.

Naserian alikuwa mhandisi wa ratiba. Hiyo ni kazi ambayo watu wengi hawaielewi, na mama yake mzazi aliwaambia majirani kwamba binti yake analipwa kwa kuchora mistari. Wala hakukosea sana. Jengo kubwa ni kazi nyingi zinazongojana. Fundi umeme hawezi kupitisha mabomba yake kabla ukuta haujasimama, na wa rangi hagusi brashi kabla lipu haijakauka. Katika msongamano wote huo uko mnyororo mmoja wa kazi ambao ukichelewa popote, jengo zima linachelewa. Kazi nyingine zina nafasi ya kupumua. Geti likikaa wiki nzima bila kuchomelewa, nani atalia? Ule mnyororo usio na nafasi, Naserian aliuchora kwa wino mwekundu kwenye karatasi kubwa ukutani, na saiti nzima, hadi akina mama waliopika makande, waliuita mstari mwekundu.

Aliyemfundisha kuutafuta ni Jasleen, mkandarasi mwenyewe, mama wa Kisingasinga ambaye familia yake imejenga Arusha tangu enzi za babu zake. Jasleen hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia asihangaike na kazi iliyo kubwa au ngumu, atafute ile ambayo ikisimama wote wanasimama. Akamwambia akishaipata aulize tena, aulize na wenye kazi, maana mara ya kwanza mtu hujidanganya. Naserian alilishika vizuri lile neno la kwanza. La pili lilimpita, kama yanavyotupita mengi tunapokuwa vijana na tunajua.

Jengo lenyewe lilikuwa wodi ya wazazi ya ghorofa, pale Themi, na Naserian alikuwa na sababu yake ya kulipenda. Binamu yake Brenda alijifungulia kwenye varanda ya wodi ya zamani, wakati wa masika, kwa kuwa ndani kila kitanda kilikuwa na akina mama wawili. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, na mtoto hakufika asubuhi. Tangu hapo Naserian hakuweza kuliangalia wingu likishuka mabegani mwa Meru bila kuona ile varanda. Kwa hiyo alipopewa ratiba ya wodi mpya aliishika kwa meno. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ilipaswa kumwagwa kabla ya mvua za vuli, ili kuta za juu zisimame na paa lifunike, ili masika yatakayofuata yawakute wazazi wakiwa ndani. Mstari mwekundu ulipita katikati ya hiyo slabu, na juu ya mstari, pale penye slabu, Naserian aliandika jina moja: Lesian.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa kwa muda mrefu hakuna aliyeliona kosa lenyewe. Kazi aliipata sawasawa. Ila kazi na mtu alivifunga pamoja kama kitu kimoja.

Na kweli Lesian alikuwa fundi wa kutegemewa, piga ua. Alikuwa Mwarusha wa Ngaramtoni, mtu mrefu, mpole, ambaye alilijua zege kwa sauti yake likianguka kutoka kwenye karai. Mwezi ule alikuwa akifuatana na mtoto wa kaka yake, Kisioki, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyemwandama kila mahali na kushika kila alichoshika. Naserian hakupendezwa. Aliona ni yale yale ya kubebana kindugu, na siku moja akamtania Lesian kwa kumuuliza huyo kivuli chake ana kazi gani. Lesian akacheka, akajibu kwamba anajifunza kumwondoa yeye. Naserian naye akacheka, akarudi kwenye mistari yake.

Siku ya slabu ilianza vizuri. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, mashine za kuchanganyia zilikuwa zinanguruma, na foleni ya makarai ilipanda ngazi bila kukatika. Zege la slabu halina simile. Ukishaanza ni mpaka mwisho. Ukisimama katikati, lililotangulia linakauka, na utakalomwaga baadaye halitashikana nalo vizuri. Unabaki na ufa uliojificha humo ndani, maji yatapita hapo, na mwenye akili atakwambia ubomoe. Lesian alisimama juu na mashine ya kutetemesha zege, Kisioki nyuma yake na mbao ndefu ya kusawazishia, na kazi ikaenda.

Chai ya asubuhi ilikuwa bado haijamiminwa simu ilipoita ndani ya beseni. Naserian alikuwa peke yake ofisini. Kwa kawaida aliziacha ziite mpaka zichoke, lakini hii iliita, ikakatika, ikaita tena, akatazama. Dada Anyesi. Ilikuwa simu ya Lesian. Akaipokea ili amwambie huyo dada apige jioni.

Anyesi hakungoja salamu. Alidhani anaongea na kaka yake, akaanza kwa Kiarusha, na Naserian, ambaye hiyo ndiyo lugha aliyonyonya, alielewa kila neno. Yeyo, mama yao, amebadilika tangu alfajiri. Amekataa uji, amekataa maji, anamtaja Lesian tu. Anataka kichwa chake. Aache chochote anachokifanya, aje.

Naserian alijitambulisha, akampa pole, akasema, "Nitamwambia sasa hivi."

Alitoka nje na simu mkononi. Tuseme ukweli, alitoka akiwa na nia ya kumwambia. Alifika hadi chini ya ngazi na kuinua uso. Kule juu Lesian alikuwa ameinama, suruali imejaa saruji hadi magotini, theluthi ya slabu imeshamwagwa na iliyobaki ni nondo tupu zinazong'aa. Na upande wa mlima, begani, palikuwa na kiwingu kimoja cheupe. Kidogo tu. Naserian alikiangalia kile kiwingu, na moyo wake ukaenda mbio kwenye ile varanda.

Asingeweza hata kujitetea kwamba hakujua alichokuwa amekishika. Angekuwa mgeni, mtu wa pwani au wa ng'ambo, tungesema maskini, hakuelewa. Lakini alikuwa binti wa Kiarusha. Tangu utotoni aliwainamishia wakubwa kichwa ili wamguse utosini, na hivyo ndivyo unavyosalimiwa, na ndivyo unavyobarikiwa. Alijua kwamba mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na boma la mama, ndiye anayemtunza, na kwamba mama akiona safari imefika anamwita huyo huyo, anaweka mkono juu ya kichwa chake na kutamka anayoyatamka. Baada ya hapo mtoto ni mzee wa ile nyumba, na mkono wake nao una kitu cha kuwapa wengine. Lesian alikuwa mtoto wa mwisho. Naserian alilijua hilo pia, kwa kuwa Lesian mwenyewe alikuwa akilisema kwa majigambo kila walipokula.

Akasimama pale akipiga hesabu. Ni hesabu aliyoizoea: hii ina nafasi, hii haina. Zege halina nafasi, linakauka. Wagonjwa, kwa kawaida, wana nafasi. Bibi yake mwenyewe aliagwa mara nyingi na akawazika waliomuaga. Ngaramtoni si mbali, ni pikipiki tu. Lesian akiondoka jioni, zege likiwa limekwisha, atafika na mama atakuwa bado yupo. Akiondoka sasa, zege litakatika, slabu itabomolewa, mvua itawakuta, na mtoto wa mwanamke mwingine atakufa kwa baridi. Alivyojipangia ilionekana kuwa hesabu safi kabisa. Akakata shauri, akarudi ofisini, akairudisha simu kwenye beseni na kuilaza kifudifudi.

Kazi iliendelea. Chai ikanywewa kwa zamu, watu wakila mihogo wamesimama. Jasleen alipiga kutoka mjini kuuliza zege linaendaje, kama kuna lolote, na Naserian akamjibu kwamba hakuna lolote. Kama angelisema lililopo, pengine yule mama angemwambia cha kufanya. Lakini hakutaka kuambiwa. Mtu anayejua atakachoambiwa huwa hapendi kuuliza.

Jua lilipofika utosini simu ya Lesian iliita tena. Hakuipokea. Iliita tena na tena, ikitetemeka katikati ya zile nyingine, na beseni zima likawa linalia. Naserian akatoka, akaenda kusimama karibu na mashine za kuchanganyia, mahali ambapo huwezi kusikia kitu. Kibarua mmoja alimuuliza kama anaumwa. Alijibu kuwa ni jua.

Aliporudi ofisini, simu ilikuwa imenyamaza. Akakaa akiitazama. Alingoja iite, akaanza kuomba iite, na haikuita tena mchana wote. Ukimya huo aliuelewa.

Zege liliisha jua likiwa linaelekea Monduli. Watu wakashangilia kwa uchovu, Kisioki akapitisha mbao yake mara ya mwisho, na Lesian akashuka ngazi taratibu huku akitabasamu, mtu aliyefanya kazi na anajua ameifanya. Alikuja moja kwa moja ofisini kuchukua simu yake. Naserian alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yakamkimbia yote.

"Lesian, dada yako Anyesi alipiga simu. Mama anakuita."

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla ya chai."

Lesian hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Tabasamu liliondoka polepole, na akabaki anaitazama mikono yake iliyojaa saruji, akiigeuza huku na huku, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Naserian akaanza kueleza. Akasema habari za mvua, habari za Brenda, habari za mstari mwekundu, na kwamba kwenye huo mstari lilikuwa jina lake yeye, na bila yeye zege lingekatika.

"Kisioki yupo," alisema Lesian. "Tangu yeyo alipolala kitandani namfundisha, kwa ajili ya siku kama hii. Angemalizia, na wewe usingeona tofauti. Ungeniuliza tu, mhandisi."

Akachukua simu kwenye beseni, akampigia dada yake, akasikiliza. Hakuwa na haja ya kusikiliza sana. Akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita getini, bila kunawa, na Kisioki akabaki amesimama chini ya slabu na mbao yake mkononi.

Naserian alikwenda kwenye mazishi. Wenzake walimshauri atume rambirambi akae kando, lakini alikwenda, peke yake, kwa sababu alihisi kwamba akikosa na hilo hataweza tena kujiita mtu. Boma la akina Lesian lilikuwa juu ya Ngaramtoni, kati ya migomba na kahawa, na kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba. Mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba, udongo ukarudishwa. Lesian hakumwangalia. Alishika koleo, akafukia, akasimama kando ya kaka zake.

Naserian aliingia jikoni kusaidia kugawa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kama mwanamke yeyote anavyofanya penye msiba. Hapo akamkuta mama mmoja mnene, macho mekundu, akipangusa mabakuli. Akamwamkia shikamoo na kuinamisha kichwa. Yule mama hakumgusa. Alisema sauti hiyo anaijua.

Naserian akasema ndiyo, ni yeye. Akataka kupiga magoti, Anyesi akamzuia kwa bega. Hakumtukana. Alimpa bakuli apanguse, naye akachukua lingine, na akaongea huku akipangusa, kwa sauti ya chini, ili wapishi wasisikie.

"Wewe si ulisema utamwambia sasa hivi? Basi nami nikamwambia yeyo, Lesian yuko njiani. Akafurahi. Akaniambia nimwinulie mkono, ukae tayari, maana mwenyewe hana nguvu na asingependa mtoto afike auone umelala. Nikauinua. Nikaushikilia juu hivi. Kila pikipiki ikipita barabarani anafungua macho. Nilichoka nikabadilisha mkono, nikachoka tena. Alipoacha kupumua nilikuwa bado nimeushikilia."

Naserian alilia kwenye lile bakuli mpaka ikabidi lioshwe upya. Anyesi hakumbembeleza wala hakumfukuza. Bakuli lilipotakata wakaenda pamoja kugawa chakula.

Mvua za vuli zilikuja, na slabu ilikuwa imeshakomaa. Kisioki ndiye aliyeisimamia siku zote hizo, akiimwagilia maji asubuhi na jioni, akiitandika magunia yaliyolowa ili isipasuke kwa jua. Walipoondoa mbao za chini, Naserian alipita na tochi kila pembe, akitafuta kasoro, na tuseme wazi, alitamani kuiona. Hata ufa mwembamba ungemsaidia. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa slabu nzuri kuliko zote alizowahi kusimamia, na kuta za juu zilianza kupanda siku ile ile iliyopangwa kwenye ratiba. Jasleen alikuja akaikagua, akampongeza. Naserian akamweleza yote, palepale, mbele ya karatasi ya ukutani. Mama yule akasema tu kwamba alidhani alimfundisha kuuliza mara mbili, akaondoka bila kuaga.

Lile beseni Naserian alilirudisha nyumbani. Hakulifulia nguo, hakulitupa. Liko nyuma ya mlango.

Lesian alirudi kazini msiba ulipokwisha. Alikuja asubuhi, mvua nyembamba inanyunya, kichwa chake kimenyolewa kwa ajili ya mama yake, na hilo lilimfanya aonekane mzee na mtoto kwa wakati mmoja. Vibarua walimpa pole mmoja mmoja. Wadogo waliinamisha vichwa, kwa mazoea, naye akawapa mkono wa kawaida, kiganja kwa kiganja, akapita. Wakatazamana.

Naserian alitoka ofisini. Kwenye saiti, yeye kama mhandisi hakuwa amewahi kumwinamia mtu. Walisalimiana kwa habari za kazi, basi. Asubuhi ile alivua kofia yake ngumu, akaishika kifuani, akasogea mpaka mbele ya Lesian na kuinamisha kichwa, kama alivyofundishwa na bibi yake, na akabaki hivyo. Mvua ilimlowesha shingo. Alikuwa anaomba kusamehewa, na kila mtu pale aliona ni hilo anaomba. Mashine zilizimwa. Lesian aliinua mkono kidogo, hadi usawa wa kifua, akausimamisha hapo akiutazama.

"Ningekugusa," alisema. "Ila mkono wangu hauna kitu, mhandisi. Wa kunipa alikuwa mmoja, na hakunifikia."

Akaushusha mkono. Akamwambia avae kofia yake asije akaugua. Kisha akamwita Kisioki, wakapanda ngazi wawili kwenda kutazama kuta.